Anayelipia mbegu na anayeipika: Tofauti inayosahauliwa katika kilimo

MCHAGUA jembe si mkulima, walisema wahenga. Hawakusema hivyo kuhusu mchagua mbegu, kwani kuchagua mbegu ni kuamua familia itakula nini, itauza nini na itateketeza kuni au makaa kiasi gani hadi msimu mwingine ufike.

Swali ambalo halijapata jibu la kuridhisha nchini ni hili: ni nani hasa anayechagua? Katika hotuba za wakuu wa serikali na katika vitabu vya wataalamu, “mkulima” ni mtu mmoja mwenye shamba moja na haja moja, nayo ni kuongeza mavuno. Ukweli ni kwamba katika familia nyingi mkulima ni watu wawili, na watu hao wawili hawaitazami mbegu kwa jicho moja.

Mahali ambapo tofauti hiyo hujidhihirisha wazi huenda pakawashangaza wengi. Ni katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Muthurwa na Makongeni hadi Umoja, Kayole, Dandora, Njiru na Ruai. Mitaa hii hutajwa zaidi kwa matatu na nyumba za kupanga kuliko kwa jembe, ilhali wakazi wake wengi wana uhusiano na mashamba ya aina mbili: lile lililoko nyumbani mashambani na lile la ukingoni mwa mto.

Mashamba mawili

Mvua ya masika inapokaribia kila mwaka, pakiti za mbegu za mahindi na mifuko ya mbolea hupakiwa kwenye mabasi katika kituo cha Machakos, kile ambacho wakazi hukiita kwa utani “Machakos Airport”. Mume anafanya kibarua au ameajiriwa katika eneo la Viwandani na kuishi Kayole au Dandora. Mke yuko Kakamega, Siaya, Murang’a au Makueni.

Mwenye mshahara ndiye anayenunua mbegu. Aliye shambani ndiye anayepanda, anayepalilia, anayevuna, anayehifadhi na hatimaye anayepika.

Mpango huu si wa jana. Mitaa ya kwanza ya Waafrika upande wa mashariki mwa jiji, ikiwemo ile ya wafanyakazi wa reli, ilijengwa wakati ambapo wakoloni walimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia ambaye mke na shamba lake vingebaki kijijini. Uhuru uliondoa vizuizi vya kuishi mjini, lakini haukuondoa familia yenye miguu miwili, mmoja mjini na mwingine shambani.

Mwaka wa 1964, aina ya mahindi chotara ya H611 ilipotolewa kwa wakulima kutokana na utafiti wa Kitale, sifa iliyotangazwa ilikuwa mavuno. Tangu hapo, mazungumzo ya wanaume kuhusu mbegu hutawaliwa na swali moja: ekari moja itatoa magunia mangapi?

Anayebaki na ghala huwa na maswali mengine. Je, mahindi haya yatakomaa kabla ya akiba ya mwaka jana kwisha? Maganda yake yanafunika punje hadi nchani, au yanaacha mwanya kwa ndege, maji na fukusi? Punje ni ngumu kiasi cha kustahimili dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengi wamemwita “Osama”? Yakichemshwa kwa githeri, yataiva?

Maswali hayo ya pili hayapingani na lile la kwanza. Yanalikamilisha. Gunia 20 zilizovunwa na kuliwa na wadudu kabla ya mwezi wa Januari ni chache kuliko gunia 15 zilizofika Juni.

Malawi ilijifunza somo hili kwa gharama. Kwa miaka mingi wakulima wadogo nchini humo walisitasita kupanda mahindi chotara yenye punje laini, na wakaonekana kuwa watu wasiopenda maendeleo. Sababu ilikuwa kinuni. Punje laini hupondekapondeka na kupotea pamoja na pumba wanawake wanapotwanga, ilhali punje ngumu hutoa unga mwingi mweupe na huhimili wadudu ghalani. Mwaka wa 1990 watafiti walipotoa MH17 na MH18, aina chotara zenye punje ngumu zaidi, wakulima wale wale walioitwa wakaidi walizipokea kwa haraka.

Maharagwe na bei ya makaa

Kwa wakazi wa Eastlands, hata wale ambao hawajawahi kushika jembe, tofauti hii huonekana kwenye gunia la maharagwe.

Mradi wa utafiti wa nafaka za jamii ya kunde ulioanzishwa Thika miaka ya 1970 uliwapa Wakenya aina zinazojulikana hadi leo: Rosecoco, ambayo baadhi huiita Nyayo, iliyosajiliwa kama GLP 2; Mwezi Moja; Mwitemania; na Canadian Wonder. Kituo cha Katumani nacho kilitoa aina za maeneo makavu kama vile KAT B1 na KAT B9.

Mwanamume anayelima ili auze kwa wafanyabiashara wa jumla wa Nyamakima hutafuta maharagwe yenye punje kubwa, yenye rangi moja na yanayofahamika sokoni. Rosecoco haimtupi. Maharagwe ya manjano nayo mara nyingi huuzwa kwa bei ya juu kuliko mengine. Mchanganyiko wa rangi humharibia biashara, kwani mnunuzi hushusha bei.

Mama anayeuza githeri kando ya barabara ya Jogoo au Kangundo huuliza jambo jingine kabla ya kutaja bei: haya yanaiva kwa muda gani, na ni ya msimu huu au yamelala ghalani? Yeye hununua maharagwe mara mbili, mara ya kwanza kwa muuza nafaka na mara ya pili kwa muuza makaa.

Hesabu hiyo imekuwa nzito zaidi katika miaka ya karibuni. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, hatua iliyodumu kwa miaka mitano, na bei ya makaa jijini ikapanda. Julai 2021 ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulirejeshwa kwenye gesi ya kupikia. Ulipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata na kuondolewa mwaka wa 2023, lakini katika kipindi hicho familia nyingi zilikuwa zimekwisha kujua kwamba chakula cha bei nafuu kinachochelewa kuiva si cha bei nafuu.

Hivyo basi, kasi ya kuiva si suala la ladha wala la anasa ya jikoni. Ni suala la fedha. Lakini fedha hizo hutoka kwenye mfuko wa mpishi, wala hazionekani kwenye hesabu ya magunia kwa ekari.

Mwaka wa 2017 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO, lilitoa aina mpya za maharagwe zikiwemo Nyota, Angaza na Faida, zenye madini mengi ya chuma na zinki. Nyota ilisifiwa pia kwa kuiva upesi. Huo ni ushahidi kwamba mtafiti anaweza kuzingatia mavuno, afya na sufuria kwa pamoja iwapo ataulizwa afanye hivyo tangu mwanzo.

Majani au punje?

Shamba la pili la Eastlands liko karibu zaidi. Ni vipande vya ardhi kando ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, chini ya nyaya za umeme, kando ya reli na katika viwanja ambavyo havijajengwa.

Uchunguzi wa Taasisi ya Mazingira uliofanywa katika miji sita ya Kenya mwaka wa 1985 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya familia zililima ndani ya mji zilimoishi, na jijini Nairobi ilikuwa familia 1 kati ya 5. Mtafiti Donald Freeman, ambaye kitabu chake kuhusu kilimo cha viwanja vya wazi vya Nairobi kilichapishwa mwaka wa 1991, alithibitisha jambo ambalo mpita njia yeyote angeliona: zaidi ya nusu ya wakulima hao walikuwa wanawake.

Wanachokipanda huonyesha wanachokihitaji. Chukua mfano wa kunde. Kuna aina zinazosimama wima, zinazokomaa kwa pamoja na kuvunwa punje mara moja. Kuna zile zinazotambaa na kuchipua majani upya kila yanapochumwa. Anayetaka kuuza gunia la nafaka huona ya kwanza kuwa bora. Anayetaka mboga ya Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kutoka kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa chumba, haoni sababu ya kungoja punje.

Katumani ilitoa aina kama K80 na M66 zinazofaa kwa majani na kwa punje pia. Manufaa ya mbegu za namna hiyo hayawezi kuonekana iwapo majaribio yatapima punje peke yake. Mama aliyechuma majani kwa wiki kadhaa ataandikiwa kwamba mavuno yake ni duni, ilhali watoto wake wamekula.

Mnavu, unaojulikana na wengi kama managu, una hadithi inayokaribiana na hiyo. Aina yenye majani mapana huchumwa haraka, hujaza kikapu na haina uchungu mwingi, hivyo wauzaji huipenda. Aina ya majani madogo ina uchungu ambao wapishi wengi wenye asili ya magharibi mwa Kenya huutaka, na ambao wao huupunguza kwa maziwa.

Kwa miaka mingi mboga hizi za kienyeji, pamoja na saga, mrenda na mchicha, zilihesabiwa kuwa mboga za kina mama na za maskini. Watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) walizitetea, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaingia katika maduka makubwa ya Nairobi. Bei ilipopanda, wanaume nao waliingia shambani, na mbegu ya majani mapana ikazidi kutawala.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Wakati zao linapogeuka kuwa biashara, mara nyingi anayelimiliki hubadilika, na anapobadilika, sifa zinazotakiwa kwenye mbegu nazo hubadilika.

Mto, sheria na sumu

Kuna sababu nyingine inayomfanya mkulima wa Eastlands achague mbegu kwa namna yake: hajui kama kesho ataikuta shamba lake.

Kwa miongo mingi askari wa jiji walifyeka mahindi kwa madai kwamba mimea mirefu huficha wahalifu na kufuga mbu. Sheria ya kaunti ya mwaka wa 2015 iliyotambua kilimo cha mjini ilileta afueni, lakini haikumpa mtu hati ya ardhi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka mitoni waondoke, na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Machi 2025 mradi wa kufufua mito ya Nairobi ulizinduliwa.

Asiye na uhakika wa ardhi hapandi mwembe. Hupanda sukuma wiki, mchicha na kunde, yaani kile kitakachompa chakula kabla ya tingatinga kufika. Wanawake ndio walio katika hali hiyo kwa wingi zaidi, mjini na mashambani. Ukaguzi wa hatimiliki zilizotolewa kati ya mwaka wa 2013 na 2017, ambao ulifanywa na muungano wa Kenya Land Alliance, ulionyesha kwamba wanawake walipata asilimia 10.3 pekee ya hati hizo.

Uchaguzi huo una hatari yake. Mboga za majani hufyonza na kubeba madini mazito kwa urahisi kuliko nafaka, na sehemu ya mashamba ya Eastlands hunyweshwa maji ya mito iliyochafuliwa au majitaka. Mwaka wa 2007, uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) kuhusu jalala la Dandora uliwapima watoto 328 na kugundua kwamba nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango cha kutia hofu.

Haitoshi, basi, kumwambia mama wa Korogocho au Njiru aache mboga za majani apande kitu kingine. Akipewa maji safi, au udongo salama wa kujaza bustani za magunia kama zile zilizoenezwa katika vitongoji vya Nairobi kuanzia mwaka wa 2008, atapanda mboga hizo hizo bila kuhatarisha wanawe.

Si maumbile, ni majukumu

Wapo watakaodai kwamba mambo haya yanathibitisha kuwa mwanamke ameumbwa kupenda jikoni na mwanamume kupenda soko. Hoja hiyo haina mashiko.

Mwanamke anayeuza mboga Muthurwa au Gikomba huchagua majani mapana kama muuzaji mwingine yeyote. Mwanamume anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga Kayole, akipikia stovu baada ya zamu ya usiku, hujifunza mara moja ni maharagwe yapi huiva upesi. Tofauti haitokani na jinsia yenyewe bali na kazi ambazo jamii imemgawia kila mmoja. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Ndiyo maana ni kosa kuidharau elimu ya wanaolala kwenye kitanda hicho. Nchini Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maharagwe akiwemo Louise Sperling waliwaalika wakulima hodari, wengi wao wanawake, katika kituo cha Rubona ili wachague wenyewe kutoka kwenye mbegu zilizokuwa bado katika majaribio. Mbegu walizochagua, zilipopandwa katika mashamba yao, zilizidi mchanganyiko wao wa zamani kwa hadi asilimia 38. Zile zilizochaguliwa na wataalamu peke yao hazikufua dafu kiasi hicho.

Walioitwa ili waseme kuhusu ladha walifaulu pia katika mavuno, kwa kuwa walijua udongo wao, kivuli cha migomba yao na tabia ya kila punje.

Mbegu ya chupa

Elimu hiyo huhifadhiwa katika chupa, kibuyu na gunia lililofukizwa moshi juu ya meko. Kwa muda mrefu sheria ya Kenya haikuipenda. Kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kungeweza kumtia mkulima gerezani kwa miaka miwili au kumtoza faini ya hadi Sh1 milioni.

Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka wa 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu za kienyeji vilikiuka katiba. Uamuzi huo unawahusu zaidi wanawake, kwani katika jamii nyingi ndio walinzi wa mbegu za nyumbani.

Hata hivyo, mahakama haiwezi kufanya kazi ya wizara. Serikali ilipoanza kuwasajili wakulima ili wapate mbolea ya ruzuku, iliyouzwa Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka wa 2023, taarifa zilitumwa kwa simu ya aliyesajiliwa. Iwapo aliyesajiliwa ni baba aliyeko Umoja, mama aliyeko shambani husikia habari za pembejeo kutoka kwa mtu asiyeuona udongo.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Kwanza, usajili wa wakulima uwe na nafasi ya majina mawili na nambari mbili za simu kwa kila shamba. Pili, majaribio ya kitaifa yanayotangulia kuidhinishwa kwa aina mpya ya mbegu, ambayo husimamiwa na KEPHIS, yaipime pia sufuria: muda wa kuiva, ladha, uhifadhi na idadi ya mara majani yanapoweza kuchumwa. Tatu, wapishi na wauzaji wa githeri na mboga kutoka mitaa kama ya Eastlands waalikwe vituoni kabla ya uamuzi kufanywa, kwani hao ndio soko ambalo kila mfugaji wa mbegu hudai kulihudumia.

Hakuna lolote kati ya haya linalomnyima baba magunia yake. Mbegu inayozaa sana lakini ikakataliwa na mpishi hupandwa msimu mmoja na kusahauliwa, na fedha za mlipa kodi zilizotumika kuizalisha kwa miaka mingi huwa zimepotea. Mbegu inayozaa, inayohifadhika na inayoiva kabla makaa hayajawa majivu haihitaji kutangazwa redioni. Wanawake wataigawana wenyewe, kikombe kwa kikombe.